Nani Anatia Chumvi?

Mshukiwa alikuwa amekiri tangu Jumanne, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Achola. Mtu akikiri, kazi inapaswa kuwa rahisi. Huyu alikiri kosa dogo bila hata kupepesa macho, kisha akalikana kubwa kwa machozi, na machozi yenyewe yalikuwa ya kweli.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mvua ikipiga mabati ya kituo hadi ikabidi watu wapaze sauti. Daktari Wangechi, mkuu wa maabara ya chini ya ardhi kule Dundori, hakuwa ameonekana tangu Jumatatu jioni. Gari lake lilipatikana Lanet kwenye uwanja wa fundi mmoja, simu yake ikiwa ndani. Alama za vidole kwenye usukani zilikuwa za kijana mrefu aliyeketi mbele ya Achola, Kipkorir, mwenzake Wangechi kazini. Kesho yake angesomewa shtaka la mauaji kortini. Bosi wa Achola alikuwa ameshaandaa maneno ya kuwaambia waandishi wa habari. Kilichokosekana ni mwili tu.

Mwili ulikuwa umegoma kupatikana. Walikuwa wamekokota nyavu kwenye mabwawa ya Dundori wakaambulia viatu vya plastiki. Jana walipoteza siku nzima Kamere, kwa sababu mtu alipiga simu akasema amemwona mwanamke wa miwani akilia kando ya ziwa. Walimkuta kweli, tena akilia kweli, ila alikuwa muuza samaki aliyefiwa na mumewe, na miwani ilikuwa ya jua. Achola alimpa pole, akarudi Nakuru. Alikuwa anaogopa.

"Tuanze tena," alisema, akageuza simu ili Kipkorir aone. Ulikuwa ujumbe ambao Wangechi alimtumia dada yake, Sue, Jumatatu mchana. Achola aliusoma kwa sauti. "'Kipkorir ametia chumvi tena. Safari hii namshika. Ijumaa nitamwanika mbele ya ofisi yote.' Unaujua?"

"Mmenisomea hiyo kitu mpaka nimeishika kwa kichwa, madam."

"Ulitia chumvi?"

"Ndio."

"Kwa matokeo ya utafiti?"

"Kwa data, ndio. Si nilishasema? Ni kazi yangu."

Hapo ndipo wenzake Achola walipoweka kalamu chini siku ile ya Jumanne. Na nani angewalaumu? Kila anayejua Kiswahili anajua maana ya kutia chumvi. Umevua samaki wa kidole, unasema alikuwa wa mkono. Kumbe mwanasayansi alikuwa akikuza matokeo, mkuu wake akamgundua na kuapa kumwanika Ijumaa, halafu mkuu akatoweka Jumatatu. Hadithi ilijisimulia yenyewe. Ni lile neno la mwisho tu, 'kazi yangu', lililokuwa likimkwaruza Achola usiku kucha.

"Kipkorir," alisema, "sijawahi kuona mtu anasema uongo ndiyo kazi yake. Ukiondoa wanasiasa. Nani alikuandika kazi ya kutia chumvi?"

"Wangechi mwenyewe."

Achola aliegemea kiti. "Nieleze. Polepole, na usiruke kitu."

Kijana alifuta uso kwa kiganja. "Kule chini tunatafuta maada ya giza. Imejaa kila mahali, hata hapa kwa hii room, lakini hakuna mtu ashawahi kuiona. Inapita kwa mwili wako na huihisi. Ndio maana tuko ndani ya handaki, ndio mlima utuzuilie kelele ya mionzi kutoka angani. Kuna fuwele kubwa, imefunikwa na madini ya risasi pande zote. Kitu kikiigonga, inatoa mwangaza kidogo, na kompyuta ya ofisi inaandika. Kazi yetu ni kungoja."

Achola alikuwa amesikia habari hizo nusunusu. Kule Dundori watu walisikia neno giza tu, na kanisa moja likafunga na kuomba wiki nzima.

"Mmeona?"

"Bado. Na ukingoja sana, madam, macho huanza kukudanganya. Unaona chenye unataka kuona. So watu wa hii kazi, hata ng'ambo, wako na njia yao. Mmoja anaingiza signal za uongo kwa siri. Wale wengine hawajui gani ni ya kweli na gani ni feki, kwa hivyo hakuna mtu anaweza kujidanganya. Wazungu wanaita salting. Sisi tukaita chumvi."

Mvua ilipungua ghafla.

"Na hii ya kukushika?"

"Ni mchezo. Akigundua chumvi yangu kabla ya mkutano wa Ijumaa, nanunulia ofisi chai na mandazi. Yeye hunishika karibu kila wiki."

"Mbona hukusema hivi Jumanne?"

"Nilisema! Yule afande mwingine akaniambia nisimletee Kizungu."

Achola aliona haya, haya ya kuwasha masikio. Kesi yao nzima ilikuwa imesimama juu ya neno moja, na neno lenyewe wamelisikia vibaya. Angekuwa mtu mwingine angesimama akaenda kuomba radhi kwa wakubwa. Lakini kulikuwa na kitu kingine, kidogo, alichokisikia asubuhi hiyo hiyo na kukiacha kipite.

Alikuwa amempigia simu Bhavin, kijana anayefuatilia kompyuta pale maabara, kumuuliza kama kuna jambo lolote lisilo la kawaida. Bhavin alimjibu kwa adabu: hakuna, madam, ni chumvi tu, wiki hii imekuja mingi.

"Hiyo chumvi," Achola alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua, "unaipanga mapema ijitie yenyewe?"

"Hapana. Ikijitia yenyewe watajua mpangilio wake. Naiweka kwa mkono, kila asubuhi."

"Nani mwingine anaweza kuiweka?"

"Hakuna. Ni mimi tu na password yangu."

"Na tangu Jumanne?"

"Tangu Jumanne si niko hapa kwenu?"

Wakatazamana. Achola aliona wazo likimfikia yule kijana, likimpanda kutoka kifuani hadi machoni. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Madam," Kipkorir alisema. "Kwani kuna signal?"

Sue alikuwa kwenye benchi la nje, pale pale alipokaa tangu Jumanne, mkoba mapajani. Yeye ndiye aliyeleta ule ujumbe kwa polisi, na tangu wakati huo hakuweza kumtazama Kipkorir. Alipomwona akitoka bila pingu, akiwa nyuma ya Achola, alisimama.

"Amemuua?" aliuliza.

"Ingia kwa gari," Achola alisema. "Nitakueleza njiani. Na sikuahidi kitu."

Konstebo Gedion aliendesha Land Cruiser kama mtu anayekimbiza mgonjwa. Barabara ya kupanda Dundori ilikuwa tope tupu, mashamba ya viazi yamejaa maji, na wanawake waliovaa magunia kichwani walisimama pembeni kuwapisha. Achola aligeuka kwenye kiti cha mbele, akamkazia macho Kipkorir.

"Jumatatu. Anza na gari."

"Mota ya feni ya handaki ilikufa. Pikipiki yangu haiwezi hiyo tope, so Daktari akaniazima gari nipeleke mota kwa fundi Lanet. Simu yake ilikuwa inachaji ndani, tukasahau wote wawili. Akasema atatoka na gari ya kazi pamoja na wengine. Nilipofika Lanet, nikasikia mlima umeshuka, umefunga mdomo wa handaki. Nikampigia Kihara, mlinzi. Akaniambia nisiwe na wasi, kila mtu ametoka, hata kibati cha jina la Daktari kiko upande wa nje kwa ubao."

Achola aliikumbuka ile mota. Ilikuwa kwenye buti ya gari, imeandikwa kwenye orodha ya vielelezo kama chuma kimoja kizito, na kuna afisa aliyeipima kama ina damu. Hakuna aliyeuliza chuma hicho ni cha nini.

"Kwa hivyo feni haikuwa inafanya kazi," alisema.

"Haikuwa."

"Na kama kuna mtu ndani, anapumua nini?"

Kipkorir alitazama dirishani. "Kuna bomba la nyaya tulichimba kutoka juu ya mlima mpaka kwa chumba cha fuwele. Ndio maana stima na data haikukatika. Ni jembamba, lakini hewa kidogo inapita. Maji ya kunywa yako, madumu mawili. Chakula hakuna."

Sue alianza kulia bila sauti. Achola hakumwambia anyamaze.

Kihara aliwafungulia lango akiwa na koti la mvua na uso wa mtu aliyekuwa akingoja habari mbaya. Alikuwa mzee mpole, mwenye nyumba nyuma ya lango na ng'ombe wawili, na wafanyakazi wote walimpenda. Kwenye ukuta wa kibanda chake kulikuwa na ubao wenye safu mbili za misumari. Juu ya safu moja paliandikwa NDANI, juu ya nyingine NJE. Vibati vyote vilining'inia upande wa NJE, kila kimoja na jina la mtu anayepaswa kukihamisha akiingia au akitoka handakini. Cha Wangechi kilikuwa cha kwanza.

Achola alikuwa amekiona kibati hicho Jumanne. Alikipiga picha. Ndicho kilichowafanya waache handaki lenye tope na kwenda kutafuta mabwawani, maana mtu ambaye kibati chake kiko nje, yuko nje. Mhandisi wa handaki naye alisema wangoje ardhi ikauke, hakuna haraka, hakuna mtu.

"Mzee Kihara," alisema. "Kibati cha Daktari. Nani alikihamisha?"

"Alitoka, madam. Niliona gari yake ikipita."

"Sikuuliza gari. Yeye ulimwona?"

"Ilikuwa mvua kubwa. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Nilipiga saluti, gari ikapiga honi."

"Ni mimi nilipiga honi," Kipkorir alisema.

Kihara alimtazama, kisha akautazama ubao.

"Nani alikihamisha?" Achola aliuliza tena, safari hii kwa upole, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

"Yeye husahau, madam. Ako na mambo mengi kwa kichwa. Mara nyingi anaenda nyumbani, kibati kinabaki ndani, na mimi namsaidia. Niliona gari imeenda, nikasema, ameshasahau tena huyu mama. Hata wenzake wa gari ya kazi walikiona upande wa nje, wakaenda." Alishika nguzo ya kibanda. "Nilimsaidia tu."

Hapakuwa na uovu wowote ndani ya maneno hayo, na Achola alitamani ungekuwepo, apate mtu wa kumkasirikia. Kihara hakuwa amedanganya. Aliulizwa kibati kiko wapi, akasema kiko nje. Ni yeye, Achola, ambaye hakuuliza ni mkono wa nani.

Walikwenda ofisini karibu wakikimbia. Bhavin aliinuka kwenye kiti chake, kijana mwembamba wa mjini mwenye ndevu changa, akamwona Kipkorir na kutabasamu kabla ya kuona nyuso za wengine.

"Nionyeshe chumvi," Achola alisema.

"Madam, sisi hatuulizi chumvi. Ndio sheria. Ukiuliza umeharibu jaribio lote, unaona, lazima tusijue—"

"Bhavin! Nionyeshe."

Alifungua skrini. Mstari ulipita chini, mtulivu, kisha ghafla miinuko mirefu ikasimama pamoja, ikapotea, ikasimama tena. Kipkorir aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Hii si chumvi," alisema. "Chumvi yangu ni kidogo, hata huioni ukikosa kuitafuta. Hii ni ile source ya kupimia mashine. Kile kijiwe cha mionzi kwa waya, tunachoshusha kwa mfereji karibu na fuwele tukitaka kujua kama inafanya kazi. Mtu anakishusha na kukipandisha. Kwa mkono."

"Nilidhani umebadilisha style," Bhavin alisema. "Ilikuwa inaonekana sana, nikasema, huyu anatutega. Nikanyamaza ndio nisiharibu."

"Nilikuwa cell!"

"Nilidhani ulipanga mapema!"

"Ilianza lini?" Achola aliwakata.

"Jumanne asubuhi. Kila baada ya muda inakuja. Jana ilikuwa mingi. Usiku ikapungua." Aliteremsha picha kwa kidole. "Leo imekuja mara moja tu. Kabla upige simu."

"Na tangu hapo?"

Mstari ulikuwa umelala.

"Taa za kule chini," Kipkorir aliuliza taratibu. "Ziko on?"

Bhavin aligeuka kuangalia swichi ukutani, akafunika mdomo kwa mkono. "Nilizima Jumanne. Si hakukuwa na mtu."

Kwa hivyo mwanamke yule alikuwa amekaa gizani siku zote hizo, kwa sababu kijana mwenye nidhamu aliokoa stima. Achola alitaka kupiga kelele, badala yake akatoa simu na kumpigia bosi wake.

"Afande, Kipkorir hana hatia. Nahitaji tingatinga Dundori, na watu, na ambulensi. Nadhani yuko hai, ndani ya handaki."

"Unadhani ama unajua?"

Achola aliutazama ule mstari uliolala. "Nadhani," alisema, na akachukia neno hilo.

Gedion alitumwa barabarani kukusanya yeyote mwenye jembe. Kipkorir alikuwa tayari kwenye simu akibembeleza jirani mwenye gereji alete kompresa ya kujaza upepo magurudumuni, wapulize hewa kupitia lile bomba la nyaya. Sue alikuwa amesogea hadi kwenye skrini, kwenye miinuko ya jana iliyobaki kwenye picha. Kidole chake kilikuwa kinagonga meza, polepole, kikifuata.

Pa-pa-pa. Pa-pa-pa. Pa.

Akarudia. Achola alimgeukia.

"Ni kilo," Sue alisema.

"Nini?"

"Makofi ya kilo. Shule ya msingi, mtu akijibu swali vizuri, mwalimu anasema mpigieni kilo. Anapiga kilo." Aligusa miinuko ile. "Yeye ndiye alikuwa anapigiwa kila siku. Mimi nilikuwa wa kumpigia tu."

Bhavin alifumba macho. Yeye pia alikuwa amesoma shule ya msingi hapo hapo Nakuru. Alikuwa ameitazama kilo kwa siku tatu na kuiita chumvi.

"Tumjibu," Achola alisema. "Hiyo swichi."

Sue alikwenda ukutani. Aliwasha na kuzima, mara tatu, akangoja, mara tatu, akangoja, kisha akawasha na kuacha taa iwake. Wote wakageukia skrini.

Hakuna kitu.

Nje, kelele za watu zilianza kusikika, mtu mmoja akiuliza wachimbe wapi, na Gedion akimjibu popote, boss, wewe chimba. Sue alirudia. Akakosea, akaanza upya. Kipkorir alikuwa ameacha simu. Achola alisimama nyuma yao akiomba, yeye ambaye hakuwa ameomba tangu mazishi ya mama yake. Hakuomba vizuri. Alisema tu tafadhali, tafadhali, ndani ya meno.

Mstari ulipanda.

Mara moja. Ya pili. Ya tatu. Bhavin alitoa sauti kama mtoto. Ukatulia kwa muda mrefu kuliko awali, ukapanda tena, mfupi, mmoja, wa pili. Kisha ukalala.

Walingoja. Sue aliwasha na kuzima tena. Walingoja.

"Hajamaliza," Sue alisema. Hakuwa analia tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hawezi kuacha kilo nusu. Mnasikia? Yeye hawezi."

"Endelea kumpigia," Achola alimwambia. "Usiache hiyo swichi. Hata kama hajibu, mpigie."

Alitoka nje. Wakulima walikuwa wameshapanda hadi kwenye kifusi na majembe na beleshi, na kompresa ilikuwa inashushwa kutoka kwenye mkokoteni wa punda, ikiwa imefunikwa kwa turubai. Kipkorir alimpita mbio akielekea juu ya mlima na mpira wa hewa begani. Tingatinga halikuwa limefika, na hakuna aliyejua lingefika lini kwa barabara ile.

Kihara alikuwa mbele ya ubao wake. Alikuwa amenyoosha mkono hadi kwenye kibati cha Wangechi bila kukigusa, kama aliyesahau alichotaka kufanya.

Achola alikichukua. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Alikitoa kwenye safu ya NJE, akakitundika upande wa NDANI, peke yake kwenye misumari mitupu.

"Akitoka, madam," Kihara alisema, "nitakirudisha mara moja. Hata sitangoja."

"Hapana, mzee." Achola aliokota jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye kibanda. "Hicho usikiguse. Mimi sitakigusa, na bosi wangu hatakigusa. Hicho atakihamisha mwenyewe."